Malcolm X na Paketi ya Mwisho

Wengi wetu twamjua Malcolm X kwa hotuba zake na kwa jinsi alivyouawa. Wachache hukumbuka kwamba ujanani alikuwa mvuta bangi, tena muuzaji. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake iwafaayo zaidi wazazi wa Pwani yetu, ambako unga umeingia hata nyumba za masharifu.

Alizaliwa tarehe 19 Mei 1925 mjini Omaha, Marekani, akaitwa Malcolm Little. Baba yake alifariki mwaka 1931. Mama alihangaika na watoto peke yake mpaka akili zikamchoka. Mwaka 1939 akatiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na watoto wakatawanywa. Malcolm hakuwa mjinga. Alikuwa katika wa mbele darasani, na wenzake, karibu wote Wazungu, walimchagua kuwa kiongozi wao. Walakini alipomwambia mwalimu kwamba atamani uwakili, alishauriwa kushika useremala, kwani uwakili haukuwa kazi ya mtu mweusi. Tangu hapo masomo yakamtoka moyoni.

Mwaka 1941, akiwa na miaka 15, alikwenda Boston kwa Ella, dada yake wa baba mmoja. Akapata kazi ya kung'arisha viatu katika ukumbi wa dansi, na ndani ya kazi hiyo mlikuwa na kazi nyingine: wateja walitaka pombe na bangi, naye akawaletea. Yeye mwenyewe alivionja barazani pa vijana waliomzidi umri. Hakulazimishwa na mtu. Alitaka tu aonekane mwenzao. Kisha akahamia Harlem, New York, akawauzia bangi wapiga muziki, akazama katika kokeini. Kokeini ilitaka pesa, na pesa zikataka wizi. Wako watafiti wasemao kwamba katika kitabu cha maisha yake alikuza uhalifu wake. Yamkini, lakini hukumu ya Februari 1946 haikukuzwa: kifungo cha miaka 8 hadi 10, naye ana miaka 20.

Jela nayo haikumwachisha. Wafungwa wa jikoni waliiba kungumanga, hiyo hiyo tunayotia katika halua, wakaiuza kwa kipimo cha kibiriti. Malcolm aliikoroga katika maji baridi akanywa, apate kulewa.

Nduguze hawakumtupa. Hapa ndipo nitakapo msomaji atue kidogo. Waliokuwa nje walimwandikia, na barua ya kwanza, ya mahubiri, aliijibu kwa matusi. Ndipo Reginald, mdogo wake aliyemjua tabia, akatumia hekima: akamwandikia asile tena nguruwe wala asivute sigara, naye atamwonyesha njia ya kutoka jela. Malcolm alidhani ni ujanja wa kuwahadaa wakuu wa gereza. Akaimaliza paketi aliyokuwa ameifungua, na hakuvuta tena maisha yake yote. Huo ulikuwa mwaka 1948. Mwaka huo huo, kwa juhudi za Ella, alihamishiwa gereza la Norfolk lenye maktaba kubwa, akanakili kamusi kwa mkono, ukurasa baada ya ukurasa.

Alifunguliwa Agosti 1952, akawa mhubiri wa Nation of Islam, kundi ambalo itikadi yake, tukisema kweli, ilikuwa mbali na Uislamu tuujuao. Lakini katika kuwaachisha watu unga walifanya kazi kubwa Harlem. Mraibu aliyekwisha pona ndiye aliyetumwa kumtafuta mraibu mwenzake, rafiki wa zamani, na siku za mateso ya kuacha wenzake walikaa naye usiku na mchana.

Alijitenga na kundi hilo Machi 1964, akahiji Makka mwezi uliofuata, akarudi akiitwa El-Hajj Malik El-Shabazz. Oktoba mwaka huo alifika Dar es Salaam na Nairobi. Tarehe 21 Februari 1965 alipigwa risasi mjini New York mbele ya mkewe na binti zake, akafariki akiwa na miaka 39.