Sidney Farber: Daktari aliyesubiri kwa hamu seli nyeupe zishuke

Mtoto akiwa kwenye kemo, habari moja humnyima mzazi usingizi: seli nyeupe za damu zimeshuka. Lakini mwaka 1947 kuna daktari aliyesubiri kwa hamu kuziona zikishuka.

Huyo ni Sidney Farber. Alizaliwa Buffalo, Marekani, mwaka 1903, mtoto wa tatu kati ya 14. Alihitimu udaktari Harvard mwaka 1927. Kwa miaka mingi kazi yake katika hospitali ya watoto ya Boston ilikuwa kuchunguza miili ya watoto waliofariki.

Lukemia, yaani saratani ya damu, ilikuwa haina dawa. Uboho, kile kiwanda cha damu ndani ya mifupa, hutoa seli nyeupe mbovu kupita kiasi. Farber alijaribu kuwapa watoto vitamini ya foliki. Kumbe ugonjwa ukazidi kukimbia!

Basi akageuza hesabu. Kama vitamini inaulisha ugonjwa, dawa inayoizuia itaunyima chakula. Dawa hiyo, aminopterin, ilitoka kwenye maabara ya Yellapragada Subbarow, mwanasayansi mzaliwa wa India.

Mwaka 1948 Farber alitoa majibu: kati ya watoto 16, wengi wao wakiwa mahututi, 10 walipata nafuu.

Furaha haikudumu. Baada ya muda ugonjwa ulirudi. Halafu dawa yenyewe ilikuwa sumu: watoto walitoka vidonda mdomoni. Dawa za aina hii hazichagui. Zinaua seli mbovu, na zile nzuri zinazopigana na vijidudu nazo zinaondoka.

Farber hakukata tamaa. Mwaka huohuo alisaidia kuanzisha mfuko wa Jimmy Fund, na wasikilizaji wa redio wakachangia zaidi ya dola 200,000. Alifariki mwaka 1973, lakini methotrexate, ndugu wa dawa yake ya kwanza, bado inatumika kutibu lukemia ya watoto. Leo wengi wanaotibiwa kwenye hospitali zenye vifaa wanapona.

Hatari ya seli kushuka, hata hivyo, ipo palepale. Mtoto wa kemo akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, usimpe panadol ukasubiri kuche. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Bila askari hao weupe, maambukizi madogo yanaweza kumuua ndani ya saa chache.