Helen Keller: chuo kilimkubali, nani angemsomea?

Kila msimu wa udahili wa vyuo unapofika, hutufikia swali hili kuhusu vijana wenye ulemavu: akishapata nafasi, nani atamsaidia kusoma? Leo tumeona tumweleze Helen Keller, hasa yale yaliyompata mlangoni mwa chuo.

Alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 huko Tuscumbia, jimbo la Alabama, Marekani. Akiwa na miezi 19 aliugua, akapoteza kuona na kusikia. Machi 1887 alifika kwao mwalimu Anne Sullivan, msichana wa miaka 20 ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa mabovu. Alimfundisha kwa kumwandikia herufi kwa vidole kiganjani. Kisa cha bomba la maji wengi mnakijua, tukipite.

Helen alitaka kusoma Radcliffe, chuo cha wanawake jirani na Harvard. Mitihani ya mwisho ya kuingia ilikuwa Juni 1899. Chuo hakikuruhusu Anne amsomee maswali. Mwalimu mwingine aliajiriwa kuyanakili kwa nukta nundu. Kigiriki na Kilatini havikuwa taabu. Taabu ilikuwa aljebra: Helen alijifunza alama za hesabu za Uingereza, karatasi ikaja na alama za Marekani. Aligundua siku mbili tu kabla, alipotumiwa karatasi ya zamani ya kujaribia. Akaandika kuomba orodha ya alama, akajifunza usiku, na bado mabano na alama ya kipeuo vilimchanganya. Hakuna aliyekusudia kumwangusha. Lakini angeanguka, matokeo yangesema tu kwamba hajui aljebra.

Alifaulu, akaanza chuo mwaka 1900. Fedha zilipatikana baada ya mwandishi Mark Twain kumwombea kwa Henry Rogers, tajiri wa biashara ya mafuta. Bila urafiki huo sijui tungekuwa tunaandika nini hapa.

Darasani Anne aliketi kando yake, akimwandikia mhadhara kiganjani. Hapo palikuwa na tatizo ambalo sisi tunaosikia hatulifikirii: mkono unaosikiliza hauwezi kuandika. Helen hakuchukua maelezo darasani, aliandika nyumbani yale aliyoyakumbuka. Vitabu vya nukta nundu vilikuwa vichache, kwa hiyo vingine vingi Anne alimsomea hivyo hivyo, herufi kwa herufi, saa nyingi kila siku, huku macho yake yakizidi kuharibika. Kazi zake Helen alizichapa kwa taipureta.

Mwaka 1904 alihitimu kwa heshima, mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kupata shahada ya kwanza. Anne alihudhuria vipindi vya miaka yote minne. Chuo hakikumpa shahada.

Anne alifariki Oktoba 1936, akiwa haoni tena. Helen aliishi hadi Juni 1968.