Bwana Swynnerton na Pori Lililorudi

Kila aliyepitia shule yetu anaikumbuka kazi ya kufyeka. Ulipewa kipande chako, ukafyeka hadi jua likazama, na uliporudi baada ya likizo ya mvua ulikuta majani yamesimama pale pale. Wengi wetu tuliiona kuwa adhabu tu. Katika toleo hili tumeona vema tuwasimulie maisha ya mtu aliyeyafanya mambo ya kufyeka na kuchoma majani kuwa elimu kamili, na ambaye jina lake limebaki kwa mdudu wa porini kwetu.

Mtu huyo ni Charles Francis Massy Swynnerton, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1877. Akiwa kijana alihamia Rhodesia ya Kusini, yaani Zimbabwe ya leo, akasimamia shamba lililoitwa Gungunyana, karibu na msitu wa Chirinda. Huko alikusanya mimea, ndege na wadudu, na mwaka 1911 habari za mimea aliyoikusanya zilichapishwa London.

Mwaka 1918 alivuka mpaka hadi Mossurize, Msumbiji, kuchunguza mbung'o. Alipata habari za mfalme Umzila, aliyewakusanya watu wake wakae pamoja kwa wingi. Watu hao walikata miti, wakalima na kuchoma nyasi, mbung'o wakatoweka na ng'ombe wakastawi. Mwaka 1889 mwanawe, Gungunyana, alihamia kusini na watu wengi. Vichaka vikarudi, na mbung'o wakafuata. Swynnerton hakuyadharau masimulizi hayo. Aliyalinganisha na hali ya nchi yenyewe, na mwaka 1921 akachapisha aliyoyaona. Tangu hapo alishika neno moja: anayetaka kumjua mbung'o aanze na miti anamokaa.

Mwaka 1919 aliteuliwa kuwa Bwana Nyama Mkuu wa kwanza wa Tanganyika chini ya Waingereza. Ugonjwa wa malale ulipozuka Maswa, katika Wilaya ya Mwanza ya wakati ule, alikwenda kuuchunguza. Mbung'o wa huko alionekana kuwa wa aina isiyojulikana bado, na mwaka 1923 akapewa jina la Glossina swynnertoni. Mbung'o huyo hukaa kaskazini mwa Tanzania na kuingia kidogo kusini mwa Kenya. Serengeti ni nyumbani kwake. Ukisimama juu ya Chamriho, hapa Nyamuswa, ukatazama mashariki, nchi yake iko mbele yako.

Pori hilo lilipanuka vipi? Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno, ikafuatwa na njaa na maradhi. Mashamba na malisho yalibaki bila watu, na migunga na vichaka vikavamia. Miti hiyo haikutoka ng'ambo. Ni ya hapa hapa, ila ilipata nafasi palipokosekana jembe, mifugo na moto wa mwenyeji.

Katika miaka ya 1920 Swynnerton alishirikiana na watemi wa Shinyanga. Maelfu ya Wasukuma walitoka kufyeka pori, na uchomaji wa nyasi ukacheleweshwa hadi mwisho wa kiangazi, ili moto uwe mkali. Kuanzia mwaka 1929 aliongoza Idara ya Utafiti wa Mbung'o, makao yake Shinyanga. Pori liligawanywa vipande. Kimoja kilichomwa kwa kuchelewa, kingine kilizuiliwa moto kwa miaka, na kingine kilikatwa miti ya aina fulani tu. Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea, alitambua kila mti na udongo unaoupenda. Mwaka 1936 Swynnerton alitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 500 juu ya mbung'o wa Afrika Mashariki.

Hatuandiki kumsifu tu. Katika vita dhidi ya malale serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi kwa amri, wakaacha maboma yao na makaburi ya wazee wao. Ujuzi wa kulitawala pori ulikuwa wa Waafrika tangu zamani. Uliporudi kwao ulikuja kama amri. Tena, Shinyanga ilifyekwa kupita kiasi. Mifugo ikazidi na ardhi ikabaki tupu, hata mwaka 1986 mradi wa HASHI ukaanzishwa kurudisha miti na ngitili.

Swynnerton na Burtt walikufa pamoja katika ajali ya ndege mwezi Juni 1938, hapa Tanganyika.

Wanafunzi mlioko darasani, kazi hiyo sasa ni yenu. Leo mkoa wetu wa Mara umeingiliwa na gugu la kromolaena, asili yake bara la Amerika, ambalo ng'ombe hawalili. Linaota kando ya barabara na katika malisho yaliyochoka. Mkipewa kipande cha kufyeka, kwanza tazameni ni majani gani, yalianza upande gani, na palikuwa na nini kabla yake. Andikeni mwezi na mwaka. Kisha, kabla ya kufungua kitabu, nendeni mkawaulize wazee wa Ikizu malisho yale yalikuwaje walipokuwa wakichunga ndama.