Babu Maslov na Mpira wa Kukimbiza Pamoja

Tangu muhula uanze mnatuona uwanjani tukicheza ndani ya mraba, wanne wanapeana mpira, wawili wanautafuta. Anayeupoteza anageuka palepale kuutafuta. Wengine mnacheka, eti mchezo wa watoto. Basi tuwaeleze habari za mzee mmoja.

Viktor Maslov alizaliwa Moscow mwaka 1910. Alichezea Torpedo, ekipe ya kiwanda cha magari, halafu akawa mwalimu wake. Mwaka 1960 Torpedo walipata ubingwa wa Umoja wa Sovieti na kombe pia. Wachezaji walimwita Babu.

Mwaka 1964 akaenda Dynamo Kyiv, katika Ukraine. Hapo ndipo kazi yake kubwa. Wakati ule mshambuliaji akipoteza mpira alisimama tu, mikono kiunoni, kungoja mabeki. (Sisi tunawajua watu wa namna hiyo, hata hapa Boga.) Maslov alikataa. Mpira ukipotea, aliye karibu anamwendea adui mara moja, wa pili anaziba njia ya pasi, wa tatu anakuja nyuma yao. Mmoja akisimama, mbio za wote ni bure. Tena kazi hii inachosha sana, kwa hiyo aliangalia mazoezi ya nguvu na chakula cha wachezaji. Gazeti moja lilitoa picha ya watu wake wanne wamemzunguka adui mmoja, likasema mpira wa namna ile hautakiwi. Yeye hakugeuka. Akachukua ubingwa 1966, 1967 na 1968, na mwaka 1967 wakawatoa Celtic, mabingwa wa Ulaya.

Lakini iliumiza watu. Valeriy Lobanovskyi, winga wa kushoto, alipendwa sana kwa kona zake za kupinda. Maslov hakutaka tena mawinga wa kukaa pembeni, hawakusikilizana, kijana akaondoka. Na Maslov mwenyewe alifukuzwa mwaka 1970, ekipe ikiwa safarini Moscow. Wachezaji wakarudi Kyiv bila Babu yao.

Aliendelea kufundisha. Mwaka 1975 alipata kombe la Sovieti na Ararat ya Yerevan. Mwaka uleule Dynamo Kyiv walichukua Kombe la Washindi la Ulaya, wakikimbiza mpira pamoja, watu watatu wanne kwa mmoja. Mwalimu wao alikuwa Lobanovskyi. Maslov alifariki Mei 1977.