Graf von Götzen na Manowari Iliyoitwa kwa Jina Lake

Wengi wetu tumesikia habari za meli Liemba ya Ziwa Tanganyika. Lakini si wengi wajuao kwamba ilipoundwa ilikuwa na jina jingine, tena ikatiwa mizinga ikawa manowari. Jina lile lilikuwa Graf von Götzen. Darasani, tusomapo vita vya Maji Maji, tunakariri majina ya Kinjikitile na Songea Mbano, na jina la gavana tunalipita upesi. Basi nimeona yafaa kumweleza mtu huyu, maana alitawala nchi hii miaka mitano, na makao yake yalikuwa hapa hapa Dar es Salaam.

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa tarehe 12 Mei, 1866, katika ngome ya Scharfeneck huko Silesia, nchi iliyokuwa siku hizo ya Wajerumani na ambayo sasa sehemu yake kubwa ni ya Poland. Graf si jina la mtu; ni cheo cha watu wa ukoo bora. Alisoma sheria Paris, Berlin na Kiel, kisha akaingia jeshini. Angaliweza kukaa kwao akala raha, lakini alipenda safari.

Desemba 1893, akiwa na umri wa miaka 27, aliondoka Pangani pamoja na Wazungu wenzake wawili na msafara mkubwa wa wapagazi na askari. Akavuka mto Kagera, na mwaka 1894 akaingia Rwanda, akaonana na Mwami Kigeli Rwabugiri. Hakuna Mzungu aliyepata kuonana na mfalme yule kabla yake. Alipanda mlima Nyiragongo utoao moto, akaliona Ziwa Kivu, kisha akashika njia ya misitu ya Kongo hata akatokea pwani ya magharibi mwishoni mwa mwaka ule. Sifa akazipata yeye; waliomchukulia mizigo kichwani hatuwajui hata kwa majina.

Baadaye alipelekwa ubalozi wa Ujerumani mjini Washington, na mwaka 1898 akatazama vita vya Wamarekani na Wahispania huko Cuba.

Mwaka 1901 Kaisari alimfanya gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mtu angalidhani kwamba aliyeivuka nchi kwa miguu atawajua wenyeji na kuwaonea huruma. Haikuwa hivyo. Serikali ilitaka pamba kwa viwanda vya Ulaya, na fedha za kuendesha utawala. Toka mwaka 1902 yakaanzishwa mashamba ya pamba ya pamoja, kwanza katika wilaya ya Dar es Salaam, yaani Uzaramo hii tuliyomo sisi watu wa Chamazi, kisha pwani ya kusini. Kila jumbe alipaswa kutoa watu wa kulima. Pamba ilipouzwa, fungu la mkulima mmoja lilikuwa dogo hata wengine wakakataa kulipokea. Tena siku za kulima pamba ndizo zilizokuwa siku za kulima chakula. Mtu akiwa shamba la jumbe, la kwake lamea magugu na nguruwe wanakula mihogo. Juu ya hayo ilikuwapo kodi ya rupia 3, na akida mwenye kiboko.

Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waliing'oa pamba, na vita vikaanza. Kinjikitile wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mapema mwezi wa Agosti, lakini moto ulikuwa umekwisha enea. Götzen akaomba msaada Berlin. Zikaja manowari Thetis na Seeadler kusaidiana na Bussard iliyokuwapo pwani.

Lakini silaha iliyoua zaidi haikuwa mizinga. Askari walichoma vijiji, wakateketeza mashamba na kuchukua nafaka, ili watu wasalimu amri kwa njaa. Gavana aliyajua hayo akayakubali, na mwaka 1909 akatoa kitabu akiyaeleza kuwa jambo lisilo budi. Mimi sioni namna ya kumtetea. Wajerumani walihesabu yapata watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria 250,000 hata 300,000.

Yeye mwenyewe hakuwapo kuuona mwisho. Aliondoka mwaka 1906 kwa sababu ya afya, na vita vikaendelea mpaka 1907. Alikufa Hamburg tarehe 2 Desemba, 1910, akiwa na miaka 44 tu.

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer mjini Papenburg kiliunda meli ya yapata mita 70, wakaipa jina lake kwa heshima. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha 5,000 hivi, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Huko mafundi watatu wa Kijerumani na Waafrika wengi waliiunga tena, ikashushwa majini Februari 1915. Ilipewa mzinga wa manowari Königsberg, ile iliyoangamia katika delta ya Rufiji Julai 1915. Ikachukua askari na mizigo ziwani, lakini vita vyake havikudumu. Mzinga uliondolewa ukapelekwa nchi kavu, na tarehe 26 Julai, 1916, Wajerumani wakaizamisha wenyewe, baada ya kuzipaka mashine zake grisi tele ili wakirudi wazikute nzima.

Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mashine zilikuwa bado zafaa. Mei 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe, na jina la gavana likaachwa. Toka hapo ilichukua abiria, dagaa na mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu kwa miaka mingi. Mwaka 2015 Warundi waliokimbia machafuko walijaa Kagunga, kijiji cha mpakani kisichofikika kwa barabara. Liemba ikaenda na kurudi ikiwachukua kwa maelfu mpaka Kigoma.