Abu Nuwas

Abu Nuwas (jina kamili: Abu Nuwas al-Hasan ibn Hani al-Hakami, Ahwaz, leo nchini Iran, mnamo 757 – Baghdad, leo nchini Iraki, mnamo 814) alikuwa mshairi wa lugha ya Kiarabu wakati wa makhalifa Waabbasi. Anahesabiwa kati ya washairi wakubwa wa lugha hiyo, hasa kwa mashairi yake kuhusu mvinyo na mapenzi, yakiwemo mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume.

Katika Afrika Mashariki anajulikana zaidi kama Abunuwasi, mjanja wa hekaya anayewashinda akili masultani, makadhi na matajiri. Wengi waliokua na hekaya hizo hawajui kwamba jina hilo lilikuwa la mtu halisi, wala kwamba alikula jasho la kalamu yake.

Maisha

Baba yake, Hani, alikuwa askari katika jeshi la Marwan II, khalifa wa mwisho wa Waumawi. Mama yake alikuwa Mwajemi. Baba alifariki mapema, na mama akahamia na mtoto Basra, mji uliokuwa na walimu wengi wa lugha na dini. Huko alijifunza Kurani na sarufi. Mshairi Waliba ibn al-Hubab alimchukua kuwa mwanafunzi wake, akaenda naye Kufa. Baadaye alisoma kwa Khalaf al-Ahmar, mjuzi wa mashairi ya kale. Inasimuliwa kwamba Khalaf alimwamuru kukariri maelfu ya beti kabla ya kutunga lolote, kisha, alipomaliza, akamwamuru azisahau zote. Huenda ni hadithi tu, lakini inaeleza vizuri aina ya mshairi aliyekuja kuwa. Inasemekana pia kwamba alikaa muda fulani jangwani kwa Wabedui ili kusafisha Kiarabu chake.

Jina Abu Nuwas ni la utani, likimaanisha mwenye vishungi vya nywele vinavyoning'inia. Akiwa Basra alimpenda Janan, mjakazi aliyekuwa na elimu, akamtungia mashairi mengi.

Alifika Baghdad wakati Harun al-Rashid (786–809) alipokuwa akitawala. Mshairi wa wakati ule hakuuza vitabu. Aliishi kwa zawadi za wakubwa, naye alilipa kwa kasida za kuwasifu. Abu Nuwas alitafuta wafadhili katika familia ya Wabarmaki, mawaziri waliokuwa na nguvu kuliko watu wote baada ya khalifa. Mwaka 803 Harun aliwaangusha ghafla, na Abu Nuwas akathubutu kutunga maombolezo kwa ajili yao. Alilazimika kukimbilia Misri, akamsifu al-Khasib, mkuu wa kodi wa huko.

Harun alipofariki alirudi Baghdad. Khalifa mpya, al-Amin, alikuwa mwanafunzi wake wa zamani na alipenda starehe kama yeye, hivyo miaka hiyo ilikuwa mizuri kwake. Hata hivyo al-Amin mwenyewe alimtia gerezani kwa ajili ya ulevi, maana ndugu yake al-Ma'mun, aliyekuwa akishindana naye kwa ajili ya ukhalifa, alitumia sifa mbaya ya mshairi kama silaha dhidi yake. Abu Nuwas alifariki muda mfupi baada ya al-Amin kuuawa mwaka 813. Kuhusu sababu ya kifo chake kuna masimulizi kadhaa yanayopingana.

Ushairi

Washairi waliomtangulia walianza kasida kwa kulia mbele ya mabaki ya kambi ya mpenzi aliyehama. Abu Nuwas alikifanyia dhihaka kilio hicho: kwa nini mtu wa mjini alilie mawe ya jangwani? Yeye aliimba kuhusu vilabu vya mvinyo, watawa Wakristo waliouza kinywaji hicho, bustani na usiku wa Baghdad. Alitunga pia mashairi ya mawindo, ya matusi, ya sifa, na mengine ya toba yanayomwomba Mungu msamaha. Haya ya mwisho si dhaifu hata kidogo kuliko mengine.

Katika diwani zake mashairi ya mapenzi hugawanywa mafungu mawili: yale kuhusu wanawake na yale kuhusu wanaume. Fungu la pili lilisomwa na kunakiliwa waziwazi kwa karne nyingi, ingawa sheria ya dini ilikataza matendo yenyewe. Wataalamu huonya kwamba maneno ya leo kama "shoga" au "LGBT" hayalingani vizuri na ulimwengu wake. Wengi wa waliosifiwa walikuwa vijana wahudumu wa mvinyo, mara nyingi watumwa, ambao hawakuwa na nafasi ya kumkataa mgeni wa bwana wao. Msomaji wa leo hana budi kukumbuka hilo pia.

Baada ya kifo chake

Diwani yake ilikusanywa katika karne ya 10 na al-Suli, na tena na Hamza al-Isfahani. Aibu ilikuja baadaye sana: katika karne ya 20 matoleo kadhaa yaliyochapishwa yaliacha mashairi ya mapenzi ya wanaume. Mnamo Januari 2001 Wizara ya Utamaduni ya Misri iliamuru nakala 6,000 hivi za mashairi yake zichomwe.

Wafadhili wa ushairi wa aina hii leo ni wa namna nyingine. Mnigeria Romeo Oriogun, anayeandika kuhusu mapenzi ya wanaume, alipata Tuzo ya Brunel ya ushairi wa Afrika mwaka 2017. Alishambuliwa kwa ajili ya mashairi yake, akahamia Marekani, na mwaka 2022 kitabu chake Nomad kilishinda Tuzo ya Fasihi ya Nigeria.

Abunuwasi wa Waswahili

Abu Nuwas anatokea kama mhusika katika Alfu Lela Ulela, pamoja na Harun al-Rashid. Kwa njia ya Waarabu wa pwani hekaya zake zilifika Zanzibar, Lamu na Mombasa, zikachanganyika na zile za Juha. Ndiyo maana Abunuwasi wa Kiswahili huazima sufuria na kudai kwamba limezaa, kisha kwamba limekufa. Hekaya hizo ziliingia katika vitabu vya Kiswahili vya kusomea, na kwa njia hiyo zikafika mbali na bahari, hata katika wilaya kama Tarime na Serengeti mkoani Mara, ambako nyumbani huzungumzwa Kikuria, Kingoreme au Kiikoma. Katika safari hiyo mvinyo na mapenzi vilibaki nyuma. Kilichovuka bahari ni ulimi mkali wa mtu asiyeogopa mfalme.

Huko Baghdad barabara inayofuata mto Tigri ina jina lake. Tangu mwaka 1976 kasoko mojawapo ya sayari Utaridi inaitwa Abu Nuwas.