Storey, mtaalamu wa Amani aliyeupatia muhogo kinga kutoka mti wa mpira

MKULIMA wa Ifakara huliachia mpunga bonde linalofurika, na muhogo akaupanda mwinukoni, uwe akiba ya mwaka ambao maji ya Kilombero yatapita kiasi. Akiba hiyo ina adui wa siku nyingi: batobato, ugonjwa wa virusi unaokunja majani na kuyatia mabaka ya manjano hata mizizi isinenepe. Aliyeongoza juhudi za kuutafutia muhogo kinga alifanya kazi Amani, katika milima ya Usambara. Ni Harold Haydon Storey.

Mwingereza huyo alizaliwa mwaka 1894, mwaka uleule ambao Mjerumani Warburg aliandika habari za batobato kutoka Usambara. Kabla ya kufika Tanganyika mwaka 1928, alikwishapata sifa Afrika Kusini kwa kuthibitisha kwamba ugonjwa wa milia ya mahindi huenezwa na mdudu mdogo afyonzaye utomvu wa majani. Huko Amani aligundua kwamba wadudu hao hawalingani: wapo wawezao kubeba virusi na wapo wasioweza, na uwezo huo hurithiwa. Alipomtoboa utumbo mdudu asiyeweza, kwa sindano nyembamba mno, naye akaanza kuambukiza. Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London.

Kwa mla ugali wa muhogo, hata hivyo, kazi yake kubwa ni nyingine. Yeye na R. F. W. Nichols walikusanya mihogo ya nchi mbalimbali, lakini kinga waliyoikuta haikutosha. Wakageukia jamaa za muhogo za porini, hasa mpira wa Ceará, mti wa Brazili uliopandwa na Wajerumani kwa ajili ya utomvu wake. Ndio ule ambao majani yake hupikwa kwa jina la kisamvu cha mpira.

Chotara wa kwanza alikuwa na kinga, lakini mizizi yake ilikuwa kama kuni. Ikabidi kumchanganya tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi, mara tatu, huku miche iliyougua ikitupwa. Nichols alifariki mwaka 1951, D. L. Jennings akaiendeleza kazi hadi ilipofungwa mwaka 1957.

Ingeweza kuishia hapo. Kwa bahati, mbegu zilikuwa zimepelekwa Nigeria, na humo ukachaguliwa mmea uliopewa namba 58308. Kuanzia miaka ya 1970, taasisi ya IITA ya Ibadan iliutumia kuzalisha mihogo mipya. Mmojawapo, TMS 30572, ulirudi Afrika Mashariki na kupandwa Uganda kwa jina la NASE 3, wakati batobato kali lilipoteketeza mashamba ya huko katika miaka ya 1990.

Storey alifariki mwaka 1969. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao yeye ndiye aliyeueleza kwanza mwaka 1936, bado huozesha mihogo ya Tanzania ardhini, mara nyingi mkulima asijue mpaka siku ya kuchimba.